Kompyuta uliyoiunga inaonyesha spidi ndogo kuliko boksi: anzia hapa

Hapa Mwanga, Kigoma, nikiletewa kompyuta iliyoungwa na mwenyewe kwa vifaa vya Kariakoo, lalamiko huwa moja: boksi la prosesa (kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta) lina namba hii, skrini inaonyesha ile. Wengi wanafika wameshaamini wameuziwa feki. Mara nyingi prosesa ni nzima kabisa, ila kuna kitu kinaizuia, na kitu hicho unakijua kwa kusoma namba kabla hujagusa bisibisi.

Nichukue mfano wa dada mmoja mwenye studio ya video za harusi. Prosesa yake ni Core i5-10400, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya H410, RAM mbili za gigabaiti 8. Boksi linataja 2.9 GHz na 4.3 GHz. Yeye akifungua Task Manager anaona 0.8.

"Fundi, hii siyo niliyolipia."

"Ni yenyewe dada. Hebu tuipe kazi kwanza."

Ile 2.9 ni spidi ya msingi, ambayo prosesa inaimudu hata kazi ikiwa nzito na ndefu. Ile 4.3 ni kilele, inafikiwa kiini kimoja, yaani sehemu moja ya kufanyia kazi ndani ya prosesa, kinapofanya kazi na vingine vimetulia. Viini vyote sita vikishika kazi pamoja, kilele chake ni 4.0. Isipokuwa na kazi hujishusha yenyewe mpaka 0.8, isile umeme bure wala isipate joto. Kwa hiyo 0.8 wakati unatazama skrini tupu ni afya. Tatizo ni 0.8 wakati video inachakatwa.

Pakua CPU-Z, programu ya bure ya kusoma namba za prosesa. Kwenye ukurasa wa Bench kuna kitufe cha Stress CPU. Kibonyeze, kisha rudi ukurasa wa kwanza usome mistari miwili: Bus Speed na Multiplier. Spidi ya prosesa ni zao la hizo mbili. 100 mara 29 ni 2,900, yaani ile 2.9 ya boksi. Kaa hapa mpaka uelewe, maana ukishaelewa hutabahatisha tena.

Kama Bus Speed iko mbali na 100 (99.8 ni sawa, usihangaike), mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoanza kompyuta ikiwashwa) imeguswa au imepotea. Mafundi wa zamani watakumbuka prosesa ya Athlon XP 2000+: ilitakiwa kwenda 1,667 MHz, yaani 133 mara 12.5, lakini mazabodi ikirudi kwenye 100 unabaki na 1,250. Na ile 2000 kwenye jina haikuwa megahezi hata kidogo, ilikuwa cheo tu. Siku hizi inatokea kwa nadra. Dawa ni kuwasha ukibonyeza Delete au F2, chagua Load Optimized Defaults, hifadhi kwa F10. Kama ukizima swichi ya ukutani usiku na asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka, betri ya mazabodi imekufa. Ni CR2032, ile ya duara ya volti 3. Ibadilishe kwanza, la sivyo kila utakachopanga kitafutika.

Kama Multiplier imeganda kwenye 29 hata ukiipa kazi, turbo (ruhusa ya kupanda juu ya spidi ya msingi) imezimwa. Tazama BIOS, halafu tazama Windows: Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, Maximum processor state. Iwe 100. Ikiwa 99 tu, turbo inazimika, na watu wengi wanaiweka hivyo kwa kufuata ushauri wa kupunguza joto kisha wanasahau.

Ikipanda mpaka 40, ikakaa kama nusu dakika, halafu ikashuka kidogo bila kuvuka chini ya 29, hakuna kosa. Intel wameiruhusu prosesa hii kula umeme mwingi kwa sekunde 28 hivi, baada ya hapo inarudi kwenye wati zake 65. Mazabodi za bei ya chini zinaheshimu mpaka huo.

Ya dada ilikuwa tofauti: ilifika 40, ikaanguka mara moja chini kabisa ya 29, ikawa inapanda na kushuka. Hapo unafungua programu ya HWiNFO usome joto. Ilikuwa nyuzi 100, ambao ndio mpaka wa prosesa hiyo, na ikifika hapo inajipunguza yenyewe isiungue. Joto la mchana la hapa ziwani linachangia, lakini peke yake haliwezi kuipeleka 100. Hitisinki, ile chuma yenye feni inayopoza prosesa, ilikuwa haijakaa.

Ile hitisinki ya boksini ina miguu minne ya plastiki ya kubonyeza. Kwa juu yote inaonekana imeingia. Chomoa waya wa umeme, toa mazabodi, igeuze utazame mgongo wake: kwenye kila tundu unatakiwa uone plastiki nyeupe imepanuka na kijiti cheusi kimetokeza katikati yake. Mguu mmoja wa dada ulikuwa mweupe mtupu, kijiti hakijapita, kwa hiyo pembe moja ya hitisinki ilining'inia. Futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya harage dogo, kisha bonyeza miguu kwa mkingamo: wa juu kushoto, wa chini kulia, halafu miwili iliyobaki. Kila mmoja ulie. Hakikisha pia waya wa feni umechomekwa palipoandikwa CPU_FAN, na kama hitisinki ni ya kununua pembeni, ile karatasi ya nailoni chini yake imebanduliwa.

RAM nayo ilimtia wasiwasi. Alinunua ya 3200, akasoma 2666. Hajaibiwa: i5-10400 kwenye H410 haivuki 2666. Na CPU-Z itaonyesha 1333, kwa sababu inataja nusu; zidisha kwa mbili.

Kuhusu kuboresha BIOS, nasema kwa msisitizo: kama mashine inawaka na spidi imekaa sawa, usiiguse. Kama ni lazima, kwa mfano prosesa ni mpya kuliko mazabodi, chomeka kompyuta kwenye UPS yenye chaji ndipo uanze. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena. Na volteji usiipandishe ili kulazimisha spidi. Prosesa ya aina hii haina hata ruhusa ya kupandishwa Multiplier.

Ukimaliza, ipe mzigo tena nusu saa, mchana, kifuniko cha kesi kikiwa kimefungwa kama itakavyotumika. Andika joto la juu kabisa na Multiplier uliyoiona, bandika karatasi hiyo ndani ya kesi. Vumbi la kiangazi likishajaa kwenye feni na mashine ikaanza kuwa nzito, utapima upya na kulinganisha na namba hizo.