Kubadilisha madirisha ya nyumba: soma hii mbele ya kulipa fundi

Bandugu, naandika hii mara moja juu nimechoka kujibu inbox ileile: "mukubwa, dirisha gani iko muzuri?" Hakuna dirisha ya muzuri peke yake, kuko dirisha ya saloni, ya jiko, ya dushi, na kama unaweka aina moja nyumba nzima juu umeiona kwa jirani, utalipa mara mbili.

1. Zunguka nyumba chumba kwa chumba. Andika: mvua inapigia wapi, vumbi inatokea wapi, mwizi anaweza pitia wapi, nani anapika na makala.

2. Chagua namna ya kufunguka, rangi itakuja nyuma.

Kulisa, ile ya kusukuma pembeni, haikuli nafasi na inafaa tundu kubwa ya saloni, lakini ujue inafunguka nusu tu, ile nusu ingine inabakia kioo siku zote. Batani inafunguka yote kama mulango na ukiifunga inabana mupira pande zote, njo maana inazuia vumbi na baridi kushinda kulisa, na hapa Goma tuko karibu metre 1500, baridi ya usiku munaijua. Mimi vyumba vya kulala naweka batani. Dushi: ile ndogo inasukumwa inje kutoka chini, unaiacha wazi hata mvua ikinyesha. Nako, ile ya vioo vyembamba vinavyopangana kama ngazi, inapitisha hewa muzuri sana, lakini haifungi kabisa, na mwizi mwenye mikono nyepesi anatoa kioo kimoja kimoja hakuna mutu anasikia.

Jiko yenye makala: nako ao tundu ya juu yenye haizibwe HATA KIDOGO. Moshi unaouona unakuchoma macho, lakini ile gazi ya makala yenye inaua haina harufu. Bantu banabadilisha madirisha, nyumba inafunga muzuri, kisha banaingiza mbabula (jiko ya makala) ndani juu ya baridi. Tafazali, hapana.

3. Chuma ao alu (aluminiamu)? Moshi ya volkano yetu Nyiragongo ikichanganyika na mvua inafanya maji yenye asidi, angalia matole (mabati) zetu vile zinakula kutu haraka. Chuma inataka rangi ya kuzuia kutu na kupakwa tena na tena. Alu inavumilia, na visi (skrubu) viwe vya inox, chuma yenye haishike kutu.

4. Kupima. Hapa njo feza inapotea. Usipime mbele ya krepi (lipu ya ukuta), ngoja krepi ikauke. Upana unapima mara tatu, juu, katikati, chini. Urefu pia mara tatu. Chukua kipimo kidogo kabisa, kisha toa milimetre 10, ibakie 5 kila upande. Pima tena kona kwa kona, kama zile mbili hazilingani tundu imeegama. Na usichukue kipimo cha dirisha moja ukaagiza sita, hata kama masoni anaapa zote ni sawa! Kisha volkano ya mwezi wa tano 2021 ardhi ilitetemeka siku mingi, kuta mingi zilipasuka kwa kona za madirisha. Kama ufa iko, tengeneza ukuta kwanza, dirisha mupya haishike ukuta yenye inatembea.

5. Kuweka. Nivo (kipimo ya usawa), visi, silikoni. Funika alu na skochi wakati masoni anamalizia pembeni, sima (simenti) mbichi inakula rangi ya alu na alama haitoki. Silikoni yenye kunuka kama vinegre usiweke kwa sima, haishike, omba ile ya netre, isiyo na asidi.

6. VITUNDU VYA MAJI. Reli ya chini ya kulisa iko na vitundu vidogo upande wa inje. Ni vya kutoa maji inje. Fundi wa haraka anaviona anafikiri ateliye ilikosea, anaziba na silikoni, anakuambia "nimekufungia muzuri", unamulipa, anaenda. Mvua ya mwezi wa tisa inakuja, reli inajaa, maji inaingia ndani, krepi inavimba, na mwenye nyumba anasema alu ni mubaya. Nimeitwa kwa nyumba mingi ya hivyo, na kila mara dawa ilikuwa kuchokora silikoni na musumari. Mbele ya kulipa, mwaga kopo ya maji mu reli, itokee inje. Isipotokea, usilipe.

MASWALI

Ndosho: Bei ngapi?

— Ya nini? Ukubwa gani, aina gani? Soma kwanza namba 2 na 4, kisha urudi na vipimo.

Ndosho: Nilisoma, nataka bei tu ya dirisha ya kawaida

— Hakuna dirisha ya kawaida. Leta vipimo.

Mama wa Katindo: Aksanti papa. Niko na antivoli (vyuma vya kuzuia mwizi) ndani kwa vyumba vya batoto, nikiweka batani itafunguka namna gani?

— Mama, swali ya muzuri sana. Kama antivoli iko ndani, batani ifungukie inje. Lakini antivoli moja kwa kila chumba iwe na mulango mudogo wenye ufunguo, na ufunguo ukae karibu, batoto bakubwa bajue. Unajua vile moto inakimbia mu nyumba zetu za mbao, antivoli yenye haifunguke inafungia bantu ndani.

Majengo: Fundi wangu anasema vitundu vinaingiza mende, tumeshaziba

— Zibua.

Himbi: Yaya, vitri za kwangu zilianguka zote na milio ya mabomu, vipande mpaka kwa kitanda. Kuko kioo isiyofanya vile?

— Pole sana. Kuko mbili. Trampe inavunjika vipande vidogo visivyokata sana, lakini haikatwe tena kisha kutoka kiwanda, agiza kipimo sawasawa. Feyete iko vioo viwili na plastiki katikati, ikivunjika inabakia imeshikamana. Kwa pembeni ya kitanda chagua feyete. Kama feza haifike, bandika filme ya kushika kioo upande wa ndani, na sogeza kitanda.

Bulengo: Na mazuku, ile gazi ya volkano inatoka mu udongo? Dirisha mupya itasaidia?

— Kidogo sana, ndugu. Ile gazi iko nzito kushinda hewa, inalala chini mu mashimo, na dirisha iko juu. Kama kiwanja iko mu bonde, batoto basilale chini kwa sakafu, na uulize ba OVG (bale banachunguza volkano hapa Goma) mbele ya kujenga.

Bukavu, Nguba: Nanunua Goma napandisha mu bato, vioo vitafika?

— Vitafika kama vimesimama. Kioo usilaze. Weka karatasi katikati ya kila kioo na kingine, funga na kamba kwa mbao, na funika na shiti: vioo vilivyoshikamana vikilowa maji vinabakia na madoa, na haitoki na sabuni.