Namna ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza lenye maana nyingi

Hatua ya 1. Andika kila maana unayoijua pamoja na sentensi yake.

Hatua ya 2. Fungua Merriam-Webster (kamusi ya Kiingereza) na Etymonline (kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno). Kamusi za wanafunzi ziweke kando, kwani hutanguliza maana iliyozoeleka. Merriam-Webster hutanguliza ya zamani, hata kama imeshachakaa.

Hatua ya 3. Amua kama ni neno moja lenye matawi, au ni homonimu, yaani maneno tofauti yaliyofanana umbo tu. Hapa ndipo wengi hupotea. Merriam-Webster hutoa namba mpya hata nomino inapogeuzwa kitenzi, kwa hiyo namba nyingi si lazima ziwe asili nyingi. Usihesabu namba, soma maelezo ya etimolojia (asili ya neno) ya kila kidahizo, yaani kila neno lililoorodheshwa. Kwenye Etymonline, n.1 na n.2 ni nomino zilizotengwa, v. ni alama ya kitenzi tu.

Chukua "bark". Kubweka kunatoka kwenye "beorcan" ya Kiingereza cha Kale, ilhali gome la mti lililetwa na Waskandinavia: "börkr". Hayo ni maneno mawili. "Spring" ni kinyume chake: chemchemi, majira ya kuchipua na springi ya godoro vyote vinarudi kwenye "springan", kuruka au kuchomoza. Maji huchomoza, majani huchomoza, waya ukiuachia unaruka. Neno ni moja.

Msumbufu ni "bank". Ukingo wa mto una asili ya Skandinavia. Benki ya fedha imetoka Italia kupitia Kifaransa, kwenye "banca", meza ya wabadilisha fedha. Ila Waitalia nao walilikopa kutoka lugha za jamii ya Kijerumani (Germanic), kwenye shina lilelile la ukingo! Mimi huhesabu mlango neno lilimopitia kuingia Kiingereza: milango miwili, maneno mawili. Ukirudi nyuma bila kikomo, nusu ya kamusi itakuwa ndugu.

Hatua ya 4. Kagua tarehe. Mwaka unaotajwa ni wa maandishi ya mwanzo yaliyopatikana. Watu huenda walilisema neno kabla ya hapo. Umbo lenye nyota (*) mbele limekisiwa na wanaisimu, halijaonekana popote.

Hatua ya 5. Tilia shaka hadithi zinazodai neno liliundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine. "Posh" (ya kifahari) husemwa ni herufi za "port out, starboard home", zilizopigwa mhuri kwenye tiketi za meli za India. Tiketi ya namna hiyo haijapatikana. "Radar" kweli ni kifupisho, lakini ni neno la karne ya 20.