Kupaka meno ya mtoto vanishi ya floridi: tuanze na maji mnayokunywa

Mzazi akiniletea mtoto kliniki hapa Nairobi apakwe vanishi ya floridi, yaani dawa ya kupaka juu ya meno yenye floridi, madini yanayokinga meno yasioze, kabla sijagusa jino namuuliza: nyumbani mnakunywa maji gani?

Hatua ya 1: Jua maji yenu yanatoka wapi. Maji ya kanjo, kama yale ya bwawa la Ndakaini, huwa na floridi kidogo. Visima virefu ni habari nyingine. Vingi mjini hupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, meno huja kuota na madoa meupe au ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki na kukolea zaidi. Mwombe msimamizi wa kisima ripoti ya maabara. Ikiwa kiwango kimezidi, tafuta maji mengine ya kunywa na ya kupikia uji, na usimpe mtoto vidonge wala matone ya floridi. Vanishi bado inamfaa, kwa sababu hupakwa kidogo, mara chache, na kazi yake iko juu ya jino.

Hatua ya 2: Niambie mapema kama ana pumu kali, mzio, au vidonda mdomoni. Vanishi nyingi zina utomvu wa msonobari.

Hatua ya 3: Inua mdomo wa juu utazame. Mtoto mdogo tunamlaza magoti kwa magoti: anakaa akikutazama wewe, miguu kiunoni mwako, kisha kichwa kinashuka mapajani mwangu. Akilia, usiogope, mdomo uko wazi na kazi ni ya muda mfupi. Ninachotafuta ni mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi. Hapo asidi inayotokana na sukari imeanza kung'oa madini ya jino, lakini tundu bado. Floridi husaidia madini ya mate kurudi mahali pake. Tafadhali, mzazi, jifunze kuutazama mstari huo nyumbani kila mwezi. Ukiuona mapema, jino hilo bado linaokoleka.

Hatua ya 4: Nakausha meno kwa shashi, kisha napaka utando mwembamba. Vanishi ya kawaida ina floridi 22,600 ppm (sehemu kwa milioni), kwa hiyo meno ya utotoni yanatosheka na mililita 0.25. Mate yenyewe huigandisha.

Hatua ya 5: Siku hiyo mpe chakula laini kisicho moto. Mahindi ya kuchoma, njugu, miwa na chai ya moto vingoje. Usimpige mswaki hadi kesho asubuhi. Rangi ya manjano itatoka yenyewe.

Hatua ya 6: Rudi kila baada ya miezi 3 hadi 6. Katikati, msugulie wewe mwenyewe mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye 1,000 ppm au zaidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, cha njegere kuanzia 3 hadi 6. Ateme, asisukutue. Na chupa ya chai ya sukari isiingie kitandani kabisa. Vanishi haiwezi kushindana nayo usiku kucha.

Jino lililotoboka na kuuma linahitaji kuzibwa au kung'olewa. Mlete upesi, usingoje tarehe ya vanishi.