Somo: Kufungua skrubu za Kijapani kwenye vinanda vya zamani

Wengi wanaofungua Yamaha DX7 ya mwaka 1983 au Roland Juno-106 ya mwaka 1984 huona kichwa chenye msalaba, huchukua bisibisi ya nyota iliyo karibu, na skrubu huharibika kabla haijazunguka hata robo. Tatizo ni bisibisi yenyewe. Skrubu hizo ni za kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, ambacho kwa macho hufanana na Phillips ya Kimarekani, yaani ile nyota ya kawaida, lakini ncha ya Phillips hugota kabla ya kufika chini ya tundu, na mkono unapokaza hupanda na kutoka huku ikikwangua kingo. Baadhi zina kitone kidogo kichwani cha kuzitambulisha kuwa ni za JIS. Nyingi za zamani hazina, kwa hiyo ninakihesabu kila kinanda cha Kijapani cha miaka ile kuwa ni cha JIS.

Hatua ya kwanza, chomoa waya wa umeme, kisha ukilaze kinanda kifudifudi juu ya mito miwili, mmoja kila upande, ili vitelezi, yaani vidhibiti vya kusogeza vilivyo juu yake, visibebe uzito.

Hatua ya pili ni kuchagua ncha. Skrubu za milimita 3 hadi 5 hutumia namba 2, na zilizo ndogo zaidi hutumia namba 1. Toa uchafu tunduni kwa sindano, ingiza bisibisi ya JIS, na uhakikishe kwamba haichezi.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira. Shindilia kwa nguvu kuliko unavyozungusha, kaza kidogo sana ili rangi ya kiwandani inayoishikilia skrubu iachie, ndipo ufungue. Ikigoma, gusisha chuma cha kulehemu chenye moto kichwani kwa sekunde chache, lakini usifanye hivyo pale skrubu ilipoingia kwenye plastiki, kwa maana plastiki itayeyuka.

Kila skrubu ichomeke kwenye kadibodi uliyochorea umbo la kinanda, kwa sababu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi huweza kugusa bodi ya saketi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, kichwa kimeshalika. Nitoboe kwa drili?
Jibu: Subiri kwanza, ndugu. Weka kipande cha mpira mwembamba kati ya ncha na kichwa, ushindilie. Kama kichwa kimejitokeza, kibane kwa koleo. Drili iwe ya mwisho, na kabla yake funika kila uwazi kwa utepe, kwa kuwa chembe moja ya chuma yatosha kuunganisha njia mbili za saketi.

Swali: Je, naweza kupulizia mafuta ya kulegeza kutu?
Jibu: Usipulizie kabisa. Weka tone moja kwa kijiti, tena kwenye chuma tu. Mafuta yakifika kwenye mpira ulio chini ya vibonyezo huuharibu, na baadhi ya plastiki hupasuka.

Swali: Nikirudisha skrubu kwenye plastiki, haishiki tena.
Jibu: Huenda umekata njia mpya juu ya ile ya zamani. Safari ijayo izungushe kinyume polepole mpaka uisikie ikishuka kidogo, ndipo uanze kukaza.