Dakika 30 bila kusimama: mwongozo kwa anayeanza kukimbia Dodoma

Lengo la mwongozo huu ni moja. Ndani ya wiki 10, mtu ambaye leo akikimbia dakika mbili anahema hoi aweze kukimbia dakika 30 mfululizo bila kutembea. Hatuhesabu kilomita. Ukihesabu kilomita utaanza kushindana na saa, na hakuna kinachowaangusha wanaoanza kama kasi. Mtu anatoka nyumbani kama anayewahi basi la mwisho, dakika ya tatu pumzi inakata, anarudi akisema, "Mimi sina mwili wa kukimbia." Mwili anao. Kasi ndiyo haikuwa yake.

Kasi sahihi unaijua tayari

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka: ni ile ya mchakamchaka. Kundi zima linakimbia na kuimba, na wimbo haukatiki. Kipimo chako ni hicho hicho. Ukiwa unakimbia, imba mstari mmoja au sema sentensi nzima kwa sauti. Ikitoka yote, uko sawa. Ikitoka maneno mawili mawili, punguza mwendo hapo hapo, usisubiri kuchoka. Dakika 8 au 9 kwa kilomita ni mwendo halali kabisa, hata kama anayetembea kwa haraka anakukaribia. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyehamia karibuni kutoka Dar es Salaam au Tanga anaweza kuhisi pumzi nzito kidogo siku za mwanzo. Naye apunguze tu.

Ratiba

Kimbia siku tatu kwa wiki, zisifuatane: kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika 5 na maliza kwa kutembea dakika 5. Katikati fanya hivi:

Wiki 1: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8.
Wiki 2: kimbia 2, tembea 2; mara 6.
Wiki 3: kimbia 3, tembea 2, mara 5.
Wiki 4: kimbia 5, tembea 2, mara 4.
Wiki 5: kimbia 7, tembea 2, mara 3.
Wiki 6: kimbia 10, tembea 2, kimbia 10, tembea 2, kimbia 5.
Wiki 7: kimbia 12, tembea 2, kimbia 12.
Wiki 8: kimbia 15, tembea 1, kimbia 15.
Wiki 9: kimbia 20, tembea 2, kimbia 8.
Wiki 10: siku mbili za kwanza kimbia 25 mfululizo, siku ya tatu, 30.

Wiki ikikushinda, irudie. Wapo wanaofanya wiki ya 5 mara mbili na ya 9 mara mbili, wakafika lengo wiki ya 12, na mwili wao hauna tofauti na wa aliyefika wiki ya 10. Jambo la kuepuka ni kuruka wiki kwa sababu umejisikia vizuri. Moyo na mapafu huzoea haraka, ndani ya wiki chache tu. Mishipa inayounganisha misuli na mifupa, na mifupa yenyewe, huchukua miezi. Wiki ya 4 pumzi inakuwa nyepesi, unaongeza mbio, na wiki ya 6 ugoko unauma hadi kupanda ngazi ni shida.

Dakika kumi za kwanza zinadanganya

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo soma polepole. Unapoanza kukimbia, misuli inadai oksijeni nyingi papo hapo, lakini moyo na pumzi huchukua dakika kadhaa kufikia mahitaji hayo. Katika pengo hilo miguu inakuwa mizito, kifua kinabana, na kichwa kinaanza kusema, "Leo siwezi." Hata waliozoea hulihisi. Tofauti ni kwamba wao wanajua litapita.

Kwa hiyo jiwekee sheria: hakuna uamuzi wowote kabla ya dakika ya 10 tangu uanze kutembea. Sauti ya kukata tamaa ikija kabla ya hapo, jibu kwa kufupisha hatua, siyo kwa kusimama. Shusha mabega, legeza ngumi, toa pumzi ndefu mara tatu. Ikija baada ya dakika ya 10, jiulize inatoka wapi. Ni pumzi? Imba mstari wako. Ukishindwa, tatizo ni kasi. Ni miguu? Uzito wa miguu yote miwili ni uchovu wa kawaida, lakini maumivu ya sehemu moja yanataka usimame. Kama pumzi iko sawa na miguu iko sawa, basi ni woga peke yake, na woga unaweza kukimbia nao. Jipe lengo dogo: nguzo ya umeme inayofuata, kisha nyingine.

Ukilazimika kutembea, tembea dakika moja kamili, kisha endelea na ratiba. Siku hiyo imehesabika.

Weka daftari. Andika vitu vinne tu: dakika ulizokimbia, kama uliweza kuimba, saa ulizolala, na hali ya hewa. Baada ya wiki sita, ukiamka umeshawishika kwamba huendelei, fungua ukurasa wa kwanza usome dakika 1 mara 8. Ushahidi ulioandika kwa mkono wako unaaminika kuliko maneno ya kutiana moyo. Saa ya simu inatosha kupimia. Programu zinazokuonyesha kasi za wengine ziache hadi umalize wiki ya 10.

Saa na njia

Mwaka mzima jua la Dodoma huchomoza baada ya saa 12 kamili asubuhi. Toka kunapopambazuka, ukiona vizuri unapokanyaga, ili umalize kabla ya saa 1 na nusu. Hii ni muhimu zaidi Oktoba na Novemba, miezi ya joto kali. Juni na Julai asubuhi ni baridi. Vaa shati la mikono mirefu na ongeza dakika 3 za kutembea mwanzoni.

Kiangazi upepo ni mkali, na mara nyingi huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Anza kwa kuukabili na rudi ukiwa nao mgongoni. Ukifanya kinyume utaenda mbali kwa urahisi, kisha dakika zilizochosha kuliko zote zitakukuta mwishoni, na utadhani umerudi nyuma kimazoezi.

Tafuta njia tambarare yenye udongo ulioshikamana. Mitaa ya Area D, Kisasa na Ilazo ina vipande vizuri. Milima ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) iache kwa sasa, maana kila mpando unakutoa kwenye mwendo wa kuimba. Mchanga mwingi nao unachosha visigino. Kwenye lami kimbia ukitazamana na magari, na usivae spika za masikio, kwa sababu bodaboda hutokea popote. Masika, korongo lenye maji yanayotembea halivukwi, hata kama ni la kifundo cha mguu. Mbwa akikujia, simama, mtazame, ondoka kwa kutembea. Ukikimbia atakufukuza.

Raba

Za mtumba zinafaa ukizikagua. Ziweke sakafuni uzitazame kwa nyuma: zikiinama upande mmoja, acha. Bonyeza soli ya kisigino kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo ubavuni, imeisha. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Chunguza soli kila baada ya kukimbia kwa sababu ya miiba ya migunga.

Macho ya watu

Wiki mbili za kwanza utadhani mtaa mzima unakutazama. Kimbia njia moja, saa ile ile, na mama wa vitumbua na walinzi watakuzoea haraka, kisha wataanza kukusalimia. Mwanamke anayeanza atafute mwenzake na njia yenye watu. Vikundi vya jogging vya Jumamosi na Jumapili vinatia moyo sana, lakini mwendo wao mara nyingi unamzidi anayeanza. Kaa nyuma, na saa yako ikisema tembea, tembea. Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, na mshindi wa pili alipewa muda huo huo. Mbio za kilomita 42 ziliamuliwa kwenye mstari wa mwisho na mtu aliyejua kutunza nguvu.

Mwili ukilalamika

Kichomi cha ubavuni: punguza, bonyeza mahali panapouma, toa pumzi yote taratibu. Huletwa zaidi na kula au kunywa sana karibu na mazoezi. Ndizi moja na nusu glasi ya maji vinatosha, uji uje baadaye. Ugoko ukiuma mahali unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, pumzika siku 5 hadi 7. Ukiendelea kuuma, nenda hospitali. Maumivu ya kifua au kizunguzungu: acha siku hiyo hiyo na umwone daktari. Mwenye presha, kisukari, au aliyekaa miaka bila mazoezi amwone kabla ya kuanza.

Siku ya dakika 30

Lala mapema siku mbili kabla, siyo usiku mmoja tu. Tumia njia unayoijua. Dakika 10 za kwanza kimbia polepole kuliko unavyotaka, kumi za kati imba, kumi za mwisho hesabu nguzo. Usiongeze kasi hadi dakika ya 28.

Wiki inayofuata rudia 30 siku zote tatu. Kisha ongeza dakika 5 siku ya Jumamosi peke yake kila wiki. Ukifika dakika 40 kwa mwendo wa dakika 8, umekimbia kilomita 5.