Kulisha kitangulizi kwenye uchachushaji wa penisilini bila kuitia kuvu sumu

Kuvu Penicillium chrysogenum hujenga penisilini kwa kuunganisha asidi aminoadipiki, sisteini na valini. Mwishoni huung'oa mkia wa aminoadipiki na kupachika mwingine kutoka kwa kile ilichokikuta tangini; hicho ndicho kitangulizi. Ukiipa fenilasetati, unavuna penisilini G. Ukiipa fenoksiasetati, penisilini V. Usipoipa kitu, unapata mchanganyiko unaosumbua kusafisha.

Hatua ya 1: Tangi
Nyuzi 25 za Selsiasi, pH 6.5, oksijeni isishuke chini ya 30% ya kiwango cha kushiba. Glukosi idondoshwe polepole, maana ikizidi huzima utengenezaji wa penisilini.

Hatua ya 2: Myeyusho wa akiba
Asidi ya fenilasetiki haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo igeuze chumvi, yaani fenilasetati. Kwa lita 1, gramu 100 za asidi huhitaji takriban gramu 29.4 za sodiamu hidroksaidi. Malizia kwenye pH 7, kisha safisha vijidudu kwa joto. Asidi hii iko chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu hutumika kutengenezea dawa za kulevya, hivyo kibali kitangulie. Kwa anayejifunza napendekeza fenoksiasetati: penisilini V haiharibiwi upesi na asidi.

Hatua ya 3: Hesabu ya dozi
Gramu 1 ya penisilini G hubeba gramu 0.41 za fenilasetiki. Tangi la lita 10 linalotoa gramu 0.1 kwa lita kwa saa linahitaji gramu 0.41 kwa saa, yaani mililita 4.1 za akiba. Anza kulisha baada ya ukuaji wa haraka wa kuvu kutulia, si siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Kulisha na kupima
Hapa ndipo tangi nyingi huharibika. Usimwage dozi nzima kwa mkupuo. Tumia pampu ndogo, na lenga kubakiza gramu 0.5 hadi 1 za kitangulizi kwa lita kwenye kioevu. Ikiisha kabisa, kuvu inapachika mikia mingine au inakosa cha kupachika. Ikizidi, inatiwa sumu.

Sumu yenyewe inategemea pH, na hili wengi hulisahau. Kinachopenya utando kirahisi ni asidi isiyopoteza protoni. pKa yake, yaani pH ambapo nusu ya asidi imepoteza protoni, ni 4.31: kwenye pH 6.5 ni kama 0.65% tu ya jumla, lakini kwenye 5.5 ni 6%. Kiasi kile kile tangini, sumu karibu mara kumi. Glukosi ikizidi na pH ikiporomoka, zima kwanza pampu ya kitangulizi, ndipo urekebishe pH.

Dalili ya sumu ni oksijeni kupanda ghafla wakati hewa, mzunguko wa pangaboi na ulishaji wa glukosi havijabadilika: kuvu imeacha kupumua kwa nguvu.

Pima kwa kromatografia ya kioevu (mashine inayotenganisha viambato na kupima kila kimoja), kitangulizi na penisilini katika sampuli moja, ukiichuja na kuipoza papo hapo. Kukisia kwa saa za ratiba hakutoshi. Kitangulizi kikipungua zaidi ya gramu 0.41 kwa kila gramu ya penisilini iliyoongezeka, aina yako ya kuvu inakiunguza kama chakula. Kuongeza dozi hakutibu hilo. Tafuta aina yenye uwezo hafifu wa kukioksidisha.

Hatua ya 5: Kufunga
Zima pampu saa chache kabla ya kuvuna, kilichobaki kitumike. Kikisalia, kitafuatana na penisilini kwenye kiyeyushi cha kuitolea kwenye mchuzi.