Amana ya familia: urithi wa mtoto usiishie mikononi mwa wadai

Mzazi akifariki bila wosia, Sheria ya Urithi ya Kenya humshikia mtoto fungu lake mpaka atimize miaka 18. Baada ya hapo hakuna wa kumzuia asiuze shamba zima. Ukitaka alindwe zaidi ya hapo, andika ungali hai hati ya amana, yaani hati inayowakabidhi watu mali waishike na kuisimamia kwa faida ya mtoto.

Watu hao ndio wadhamini. Teua wasiopungua wawili: ndugu anayewajua watoto, na mtu asiyerithi chochote, kama wakili. Taja pia nani atateua mdhamini mpya mmoja wao akifa au akijiuzulu.

Kifungu cha mgao kishughulikie kwa makini kuliko vyote. Ukiandika "apewe shilingi 50,000 kila mwezi", hizo ni haki yake tayari, na anayemdai anaweza kuzifuata mahakamani. Wape wadhamini hiari: karo walipe shuleni, matibabu hospitalini, kodi kwa mwenye nyumba. Mali yenyewe itoke kwa awamu, mathalani theluthi akiwa na miaka 25, nyingine 30, iliyobaki 35. Kwa mtoto anayepambana na ulevi, usitaje umri kabisa.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, amana ya familia inaweza kusajiliwa, ikamiliki mali kwa jina lake. Ila hairuhusiwi kufanya biashara. Duka lisajili kama kampuni, kisha hisa zake ndizo ziingie kwenye amana.

Wengi hukwama hapa: hati imetiwa saini, mali haikuhamishwa. Shamba ambalo hatimiliki yake bado ina jina la marehemu huingia kwenye mirathi kama lingine lolote. Hamisha hatimiliki, hisa na akaunti za benki, moja baada ya nyingine. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe, la sivyo shughuli nzima ni batili. Nyumba ya ndoa haihami bila idhini ya mwenzi wako. Na usihamishe chochote ili kuwakwepa wanaokudai, maana mahakama inaweza kukirudisha.

Amana ikiwekwa ndani ya wosia, wosia huo ushuhudiwe na watu wawili wasiorithi. Mrithi akitia saini kama shahidi, fungu lake linapotea isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili. Mwislamu amwone kadhi kwanza: wosia wake hauvuki theluthi ya mali.